Safari ya familia kwenda Mgeta: siku ya kwanza igeuze kuwa shamba darasa

Likizo ya Juni ikikaribia napata ujumbe wa aina moja kutoka kwenu: "Afisa, nataka kupanda Mgeta na mke wangu na watoto, tubadilishe hewa kidogo, na nikikuta shamba zuri la kukodi nalipia hapo hapo." Kubadilisha hewa ni jambo jema. Hilo la kulipia hapo hapo ndilo somo letu la leo.

Siku ya kwanza milimani kila kitu kinavutia. Umetoka kwenye joto la Morogoro mjini, umefika juu kuna ubaridi, kabichi zimefunga vizuri, maji yanatiririka kwenye mifereji. Ukiwa hivyo ni rahisi kuamini kuwa ardhi ya pale inafanya kazi yenyewe. Kumbe nyuma ya ile kabichi kuna mgongo wa mtu, kuna mbolea iliyobebwa kichwani, kuna deni la dawa. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: siku ya kwanza ni ya kutazama, kuuliza na kuandika. Hela ya kodi isitoke.

Maandalizi ya safari

Pandeni wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, njia za milimani zina utelezi na udongo unaweza kuporomoka barabarani. Ondokeni saa 12 asubuhi. Jazeni mafuta mjini, na watoto wabebe masweta. Dereva ajue kuwa kwenye mteremko mrefu anashuka na gia ndogo. Ukishuka kwa kukanyaga breki muda wote zitapata moto na zinaweza kugoma.

Beba pia vitu hivi: daftari, kijiti kilichonyooka cha urefu wa mita 1, rula ndefu, na kipimajoto cha ukutani. Mgawie kila mtoto kazi yake. Mtoto akiwa na kazi hachoki haraka, halafu wana macho makali kuliko sisi.

Njia yetu ni hii: kutoka mjini shika barabara ya Iringa hadi Sangasanga, ingia kushoto uelekee Mlali, kisha anza kupanda kwenda Langali mpaka Nyandira.

Kituo cha kwanza: Mlali, somo la joto

Simameni Mlali kabla ya kupanda. Pimeni joto kivulini, andikeni na saa. Mtapima tena mkifika Nyandira.

Morogoro mjini ipo takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari. Nyandira ipo zaidi ya mita 1,500. Kwa wastani, kila unapopanda mita 100 joto linashuka kwa nyuzi 0.6 hivi. Piga hesabu: umepanda mita 1,000, joto limeshuka nyuzi 6. Mjini kukiwa na nyuzi 30, kule juu ni kama 24, na usiku ni baridi kweli.

Hizo nyuzi 6 ndizo zinazoamua ulime nini. Juu utakuta kabichi, njegere, karoti, viazi mviringo, hata plamu na pichi. Mazao haya yanapenda ubaridi. Nyanya inalimwa juu na chini, lakini adui anabadilika. Bondeni kwenye joto utapambana sana na kantangaze, yule mdudu aliyethibitishwa kuingia nchini mwaka 2014. Juu kwenye ukungu na unyevu utapambana zaidi na baka jani chelewa, ambayo hali ya hewa ikiipenda inaweza kumaliza shamba ndani ya siku chache. Kwa hiyo bajeti ya dawa ya rafiki yako wa Mlali usiihamishie Nyandira jinsi ilivyo.

Na tukiwa kwenye dawa: waonyeni watoto wasiokote chupa wala pakiti shambani. Tunda lolote mnalopewa njiani lioshwe kwanza, na muulizeni mwenye shamba alipiga dawa lini. Hilo mtoto alijue kabla hajashuka kwenye gari.

Kituo cha pili: pima mwinuko

Mkishaanza kupanda, tafuteni sehemu salama ya kuegesha karibu na shamba, ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, kisha fanyeni zoezi hili. Kile kijiti cha mita 1 ncha moja iguse ardhi upande wa juu. Kijiti chote kishikwe sawa, kisiiname. Mtoto mwingine apime kwa rula kutoka ncha ya upande wa chini hadi ardhini. Ukipata sentimita 30, mwinuko ni asilimia 30. Ukipata sentimita 50, ni asilimia 50. Rudieni sehemu tatu tofauti za shamba.

Ushauri wangu: shamba linalozidi asilimia 50 usilikodi kwa ajili ya mboga. Hapo panafaa miti na majani ya mifugo. Chini ya hapo panalimika, ila kadiri mwinuko unavyozidi ndivyo kazi ya kuzuia udongo inavyokula faida yako. Gharama hiyo vijana wengi hawaiandiki kwenye bajeti.

Tazameni pia umbali wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka kingo za mto kuwa eneo la kulindwa. Ukioneshwa shamba zuri lililokaa mdomoni mwa mto, elewa kwamba unaoneshwa tatizo. Na ukitaka kuvuta maji ya kumwagilia kibiashara, kibali ni cha Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Maji ya milima hii yanaingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Udongo unaoutelezesha wewe leo unaonekana kwenye maji ya watu wengine kesho.

Kituo cha tatu: ngazi, na historia yake

Mkikaribia Mgeta mtaona mashamba yamekatwa ngazi ndogo ndogo. Mkulima anakusanya magugu na mabua, anayalaza kwa kukata mteremko, anayafunika kwa udongo wa juu yake. Yanaoza pale pale, yanakuwa mbolea, na ile ngazi inapunguza mwendo wa maji. Ni ujuzi wa wenyeji wenyewe.

Hapa kuna historia ambayo kijana anayelima milimani lazima aijue. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, na watu wakalazimishwa kuchimba matuta makubwa ya benchi. Kazi ilikuwa nzito, na upande wa mashariki, kwenye maeneo kama Matombo, udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimba benchi unafukia udongo mzuri na kuleta juu ule usiootesha kitu. Watu walivuja jasho bila kuona mavuno yakiongezeka. Mwaka 1955 kukatokea vurugu, na mpango ukavunjika.

Funzo lake si kwamba matuta ni mabaya. Funzo ni kwamba chimba kwanza shimo la sentimita 50 uone udongo mweusi unaishia wapi. Ukiwa mwembamba, tumia ngazi za wenyeji na mistari ya majani. Usilete fundi wa matuta makubwa kwa sababu tu umeona video.

Ulizeni pia kuhusu mbuzi wa maziwa. Mgeta wapo mbuzi wenye asili ya Norway, walioletwa miaka ya 1980 kwa kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ukiachilia mbali maziwa, kule juu samadi iliyo karibu na shamba ni mali. Ikiwa mbali, kila ndoo ina malipo ya mbebaji.

Kituo cha nne: gulioni Nyandira

Ulizeni siku ya gulio kabla ya kupanga safari, mfike siku hiyo. Msiende kununua tu. Simameni pembeni mtazame nani anapanga bei. Mara nyingi mkulima ameshusha mzigo, dalali anazunguka, na gari inataka kuondoka. Mwenye haraka ndiye anayeumia. Mtazame na gunia: likiwa limeshonewa kilemba juu, hiyo ni lumbesa, imekatazwa kisheria, na inamnyonya mkulima.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, si bei ya soko. Tenga la nyanya shambani ni 20,000. Usafiri hadi mjini 5,000. Ushuru na kupakia 2,000. Tenga moja limefika kwa 27,000. Umebeba 10, umetumia 270,000. Njiani barabara imetikisa, tenga moja limepondeka lote. Gawa 270,000 kwa 9 yaliyobaki: kila tenga limekugharimu 30,000. Ukiliuza 28,000 huku ukijisifu umepata faida ya 1,000, umepoteza 2,000 kila tenga. Ingia gulioni, jaza namba halisi kwenye mfano huu, mke au mume wako ahakiki.

Jioni: ardhi ni ya nani?

Hapa ndipo pesa za vijana zinapopotelea. Kwa mila za Waluguru, ukoo unafuata upande wa mama, na mashamba mengi ni ya ukoo. Mwanaume unayemkuta analima anaweza kuwa mkwe tu pale. Anayo haki ya kulima, lakini si yeye wa kukukodisha miaka mitano. Muda wa kujua hilo ni jioni, mkiwa mmekaa na wenyeji, na mara nyingi mama wa familia yako ndiye atakayeambiwa ukweli. Anaweza kuanza hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, hili shamba la bondeni ni la upande wa nani?"

"La ukoo wetu. Babu yenu kaja kuoa hapa. Mkitaka, mkaongee na kaka yangu."

Maneno hayo machache yana thamani kuliko picha 50 za shamba. Yule kaka, yaani mjomba wa watoto wa nyumba ile, ndiye wa kuanzia. Muulizeni pia kama mpangaji anaruhusiwa kupanda miti ya kudumu. Mara nyingi hairuhusiwi, kwa sababu mti unaonekana kama dai la umiliki. Kama mpango wako ulikuwa plamu, ni vizuri ujue leo. Baada ya ukoo, nendeni serikali ya kijiji, maana ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Makubaliano yaandikwe, na mashahidi wa ukoo na wa kijiji wawepo.

Kazi ya nyumbani

Usiku huo kabla ya kulala, familia ikae ijibu maswali haya kwenye daftari:

1. Tofauti ya joto kati ya Mlali na Nyandira ilikuwa nyuzi ngapi?
2. Mwinuko wa shamba tulilolipenda ni asilimia ngapi, na udongo mweusi una kina gani?
3. Liko mita ngapi kutoka mtoni?
4. Mzigo mmoja unafika mjini kwa shilingi ngapi, baada ya kutoa ulioharibika?
5. Ni nani, kwa jina, mwenye sauti juu ya ardhi hiyo?

Swali lolote likikosa jibu, siku ya pili ni ya kulitafutia jibu hilo, bado si ya kulipa. Mkijibu yote matano na hesabu ikakubali, rudini mkajipange. Ikikataa, mmetumia mafuta na nauli ya chakula, lakini mtaji wenu mnao bado na watoto wameona milima. Hiyo nayo ni faida.

Somo lijalo tutazungumzia namna ya kuandika mkataba wa kukodi shamba la ukoo. Kazi njema.