Mkataba wa Pili
Kijitabu kwa akina mama wanaosafiri kufanya kazi za nyumbani Arabuni, na kwa watakaobaki na watoto wao

Mkataba wa kwanza umeshautia sahihi kwa ajenti. Una jina la mwajiri, mshahara kwa riyali, miaka miwili, na mhuri. Wa pili hauko kwenye karatasi yoyote: nani atamlea mtoto, kwa fedha zipi, na ataambiwa nini akiuliza mama yuko wapi. Kuanzia Likoni hadi Malindi, huo wa pili mara nyingi huzungumzwa usiku mmoja tu, nao ni usiku wa kufunga sanduku. Kijitabu hiki kinakuomba uanze mapema zaidi.

Usimtoroke

Utashauriwa na shangazi, na jirani, hata na dereva wa tuktuk: ondoka akiwa amelala, asubuhi aambiwe umekwenda sokoni. Wanasema kwa huruma, lakini sisi tunaukataa ushauri huo kabisa. Mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba sokoni watu huenda wakarudi. Jioni atakaa kibarazani akungoje, kesho vivyo hivyo, na wiki ikiisha atakuwa amejifunza kuwa mtu mzima akisema anarudi, huenda asirudi. Tangu hapo nyanya yake akielekea chooni tu, atang'ang'ania leso yake.

Mwambie siku saba au nane kabla, mchana, akiwa ameshiba. Miezi ishirini na minne haimwingii akilini, kwa hiyo mpe hesabu anayoiona: “Sasa uko PP1. Nitakuja ukiwa Gredi ya Kwanza.” Usiongeze kwamba akiugua utarudi mara moja. Mageuzi ya sheria za kazi ya Saudia ya Machi 2021, yaliyowapa wafanyakazi wengi nafasi ya kusafiri na kubadili mwajiri bila idhini, hayakumgusa mfanyakazi wa nyumbani. Safari yako ya kurudi katikati ya mkataba inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine, na mtoto haahidiwi kitu kilicho mikononi mwa mtu mwingine.

Akilia, mwache alie. Nawe ukilia mbele yake hujakosea. Ukiondoka, mwachie leso uliyoivaa siku hiyo, na mlezi asiwe na haraka ya kuifua.

Anayebaki na mtoto

Mara nyingi ni nyanya, na mara nyingi haulizwi, anaarifiwa. Muulize. Ana presha? Ataweza kumpeleka mtoto kliniki kwa bodaboda? Akiugua yeye, ni nani wa pili? Kama baba yupo, naye ana sehemu yake: kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Baba akikwepa, afisa wa watoto wa eneo lako ndiye wa kuendewa, na ni rahisi kumwendea ukiwa bado hapa.

Mwachie mlezi cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki, na barua yako iliyoshuhudiwa na chifu, inayosema kuwa umempa mlezi ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali, kukubali matibabu na kumwakilisha shuleni. Karatasi hiyo huonekana haina maana hadi usiku mtoto anapovunjika mkono.

Ukipata fununu kwamba mtoto anapigwa, halali vizuri au ameacha kula, usimalize kwa kugombana na mlezi kwenye simu. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure kutoka popote nchini; mtu mwingine aliye Kenya anaweza kuipiga kwa niaba yako.

Fedha

Mshahara wa mwezi wa kwanza usiuhesabu. Ikama, yaani kibali cha kuishi, na akaunti ya benki huchukua muda, kwa hiyo acha unga, mchele na mafuta ya miezi mitatu, au fedha zake. Baadaye, ada ilipwe moja kwa moja kwenye Paybill ya shule. Fedha za mlezi zitenge mbali na za mtoto, kila mwezi, uziite kwa jina: hizi ni zako, mama. Mlezi ana dawa zake na mahitaji yake, na anayelazimika kuokota riziki yake kwenye sahani ya mjukuu huona haya, na haya hugeuka ugomvi. Kiasi cha mshahara wako wakijue watu wawili tu.

Simu

Riyadh na Mombasa saa ni moja. Muscat na Dubai wako mbele kwa saa moja. Ila Ramadhani mambo hugeuka: nyumba hulala mchana, na jikoni huwaka hadi daku. Mlezi aambiwe hayo mapema, asije akadhani umesahau.

Tazama simu moja ilivyo. Saa nne usiku, sufuria ya mwisho imeoshwa. Mama ameegemeza simu kwenye mkebe wa maziwa ya unga ya mtoto wa mwajiri, ambaye yeye mama amemwogesha leo. Upande wa pili mwanawe, aliyeruhusiwa kukesha, anasogeza mdomo kwenye kamera mpaka kioo chote kinakuwa pengo. “Limeng'oka!” Mama anauliza limetupwa wapi. Juu ya paa, nyanya anajibu kutoka nyuma. Simu ya Imo inakatika. Dakika mbili hivi, na hakuna aliyeulizwa kama anampenda mama.

Siku nyingine atakataa simu, akimbilie nje. Usimlazimishe, na mlezi asimkemee. Tuma sauti: hadithi fupi, au dua ya kulala, aisikilize akitaka. Akimwita nyanya “mama,” liache lipite. Analihitaji jina hilo kwa mtu aliye karibu.

Kuna nyumba ambazo simu hunyang'anywa. Kwa hiyo kubalianeni kabla: siku kumi za kimya, mlezi ampigie ajenti; asipopata jibu siku mbili, aende Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira au Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora, nao waliwasilishe suala hilo kwa ubalozi wetu ulioko Riyadh, Muscat au kwingineko uliko. Ili afanye hivyo awe na nakala za pasipoti na mkataba, jina na simu ya mwajiri, na nambari ya leseni ya ajenti. Picha zilizomo kwenye simu yako hazitamsaidia.

Ukirudi

Kwenye uwanja wa ndege wa Moi mtoto atakuficha uso nyuma ya nyanya yake. Usimnyakue, wala usiku wa kwanza usimhamishie kitandani kwako. Nyanya abaki karibu wiki kadhaa, amwogeshe kama kawaida, wewe ushike taulo.

Na viatu: wengi hununua kwa kumbukumbu, sanduku likafunguliwa mbele ya majirani, kiatu kikagoma kuingia kisiginoni. Mwezi mmoja kabla ya safari, mlezi amsimamishe mtoto juu ya karatasi, azungushe kalamu kwenye wayo, apime kwa rula, akutumie sentimita. Ongeza moja.