Miezi Mitatu Isiyoonekana



Katika ukurasa huu tunazungumza nanyi mliofunga ndoa karibuni, na pia nanyi mnaongoja mtoto wa tatu au wa nne mkidhani mmekwisha kujua yote. Mada yetu ni miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Tutaitazama kutoka Marereni, kaskazini mwa Malindi, penye mashamba ya chumvi, kwa kuwa maisha ya pale yanaonyesha wazi jambo hili: miezi ambayo mimba haionekani kwa macho ndiyo miezi ambayo mume na mke hawana budi kuijua wote wawili, na kuijua mapema.

Mtaijuaje?

Dalili ya kwanza kwa wengi ni kukosa hedhi. Wale wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi na kuandika chati wana dalili nyingine: joto la mwili likipanda na kubaki juu kwa siku 18 au zaidi, yaelekea mimba imeingia. Kipimo cha mkojo kitathibitisha.

Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kujua siku ya kutazamia kujifungua, ongezeni siku 7, kisha miezi 9. Ikiwa hedhi ilianza tarehe 10 Januari, tazamieni mtoto karibu na tarehe 17 Oktoba. Andikeni tarehe hiyo mahali mnapoiona nyote wawili.

Mwili wa mama

Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya 6, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Hakiji asubuhi tu. Chaweza kuja jioni kwa harufu ya samaki anayekaangwa. Yafaa kula kidogo kidogo mara nyingi, kuanza siku kwa kitu kikavu kama kipande cha mkate au muhogo wa kuchemsha, na kunywa maji kwa mafunda madogo. Chai ya tangawizi huwasaidia wengi.

Mama atachoka kuliko alivyochoka wakati mwingine wowote, matiti yatauma, atakojoa mara kwa mara, na pengine atalia bila sababu anayoweza kuieleza. Bwana, huo si uvivu wala kiburi. Wakati huo moyo wa mtoto umekwisha kuanza kupiga, na uti wa mgongo wake hufungika kabla ya mwisho wa wiki ya 6, mara nyingi mama akiwa hajajua kwamba ana mimba. Ndiyo sababu vidonge vya foliki asidi vyafaa kuanzwa hata kabla ya kutunga mimba, kwa wale wanaotazamia mtoto.

Mficha uchi hazai

Katika pwani yetu ni desturi kuificha mimba changa. Mama huogopa jicho la hasidi, husubiri tumbo lijitokeze lenyewe, na huenda kliniki mwezi wa tano au wa sita. Kutotangaza habari kwa majirani si kosa. Hata Elisabeti alijitenga miezi mitano, kama tusomavyo katika Injili ya Luka. Lakini Zakaria mumewe alijua. Siri ya wawili ni hekima. Siri ya mama peke yake ni hatari. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Hatari yenyewe ni ipi? Kwa Marereni jibu lake ni malaria na upungufu wa damu. Msidhani kwamba maji ya chumvi yanawafukuza mbu. Wapo mbu wa malaria wa pwani wanaozaliana katika maji ya chumvichumvi. Mwanamke mwenye mimba akiumwa na mbu hao, vijidudu vya malaria hujificha katika kondo la nyuma. Aweza asipate homa kabisa, huku damu yake ikipungua siku hata siku, na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi.

Haya hayakujulikana kwa kubahatisha. Kule Kilifi, kaunti ambayo Marereni imo leo, zaidi ya wanawake 1,200 wenye mimba ya kwanza walikubali kushiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999. Nusu yao walipewa dawa ya kuzuia malaria iitwayo SP walipokwenda kliniki, nusu vidonge visivyo na dawa. Kati ya kila 100 ambao hawakupata dawa, karibu 24 walipungukiwa damu vibaya sana. Kati ya kila 100 waliopewa SP, hawakufika 15. Leo dawa hiyo hutolewa kwa wajawazito katika nchi nyingi za Afrika, na mama zetu wa pwani wana sehemu yao katika jambo hilo.

Sasa angalieni hesabu. SP haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Huanza wiki ya 13, kisha hurudiwa kila baada ya mwezi mmoja au zaidi. Mama anayefika kliniki mwezi wa sita amekwisha kupoteza dozi kadhaa. Na katika zile wiki za mwanzo ambazo SP hairuhusiwi, kinga yake ni chandarua chenye dawa kila usiku, na kupimwa haraka akipata homa. Hirizi haimzuii mbu.

Udongo na vidonge

Wengi hutamani kula udongo: wa kichuguu, wa ukutani, au ule unaouzwa sokoni. Msimcheke mama kwa hilo. Utafiti mwingine wa Kilifi, wa mwaka 1998, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito walioulizwa walikuwa wakila udongo. Tamaa hiyo mara nyingi hufuatana na upungufu wa damu, na udongo waweza kuleta minyoo. Mama anayetamani udongo aseme hivyo kliniki, apimwe damu.

Chakula cha kuongeza damu kipo karibu: samaki, dagaa, kunde na majani yake, mchicha, kisamvu. Kamueni ndimu juu ya mboga, na chai inywewe mbali na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Mnazi na pombe nyingine ziachwe kabisa.

Vidonge vya damu vinavyotolewa kliniki vina chuma na foliki asidi mikrogramu 400. Msinunue dukani foliki asidi ya miligramu 5 bila kuambiwa na mganga wa hospitali, maana hiyo hupunguza nguvu ya SP. Mwarobaini na dawa nyingine kali za miti shamba zisinywewe wakati huu. Na kila anunuapo dawa yoyote, mama aseme kwanza, “Nina mimba.”

Kazi ya bwana

Nendeni kliniki pamoja kabla ya wiki ya 12. Mtapewa kijitabu cha mama na mtoto. Damu itapimwa wingi wake na kundi lake, na mtapimwa kaswende na virusi vya UKIMWI. Bwana apimwe pia. Asimwachie mkewe kubeba majibu peke yake.

Maji ya kuteka, kuni na magunia ya chumvi si mzigo wa mama katika miezi hii. Akifanya kazi juani, apumzike kivulini na anywe maji mengi. Mavyaa akisema, “Sisi tulizaa tukilima,” bwana ndiye wa kumjibu mama yake kwa heshima, si mke.

Tendo la ndoa halimdhuru mtoto ikiwa mimba haina tatizo. Likatizwe damu ikitoka, na mke aliyechoka asilazimishwe.

Hospitali ya Malindi iko zaidi ya kilomita 30. Wekeni akiba ya nauli tangu mwezi wa kwanza, na jiandikisheni SHA mapema. Msingoje hata saa moja mkiona haya:

– damu inatoka, hata kidogo;
– maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, au kuzimia;
– homa, au maumivu wakati wa kukojoa;
– kutapika hata maji hayakai.

Maumivu ya upande mmoja yaweza kuwa ishara kwamba mimba imetunga nje ya mji wa mimba, na hiyo huua haraka.

Mimba ikitoka

Kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 15 hutoka zenyewe, nyingi katika miezi hii mitatu. Mara nyingi sababu ni hitilafu iliyokuwapo tangu mwanzo katika chembechembe za mtoto. Si kwa kuwa mama aliinama, wala kwa jicho la jirani. Hapo mke apelekwe hospitali, asilaumiwe. Lieni pamoja na mwombeeni mtoto wenu pamoja. Mume ambaye hakuambiwa kwamba kuna mtoto, atamliliaje?

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Mke akihisi ana mimba leo, atamwambia nani kwanza? Kwa nini?
2. Je, chandarua chetu kimetoboka?
3. Usiku wa manane damu ikitoka, tutampigia nani mwenye gari au bodaboda, na nauli iko wapi?
4. Ni kazi gani ya mke ambayo mume aweza kuichukua kuanzia kesho?