Mwenye Kisukari Akishikwa na Homa: Kutokula si Hoja ya Kuacha Dawa

 

Ndugu Waislamu, katika madarasa yetu tunasoma kwa urefu mlango wa swala ya mgonjwa, kutayammam na ruhusa ya kula katika Ramadhani. Aghalabu elimu hiyo hubakia kitabuni. Nyumbani, mzee mwenye kisukari cha aina ya pili akishikwa na homa au tumbo la kuharisha, uamuzi hupitishwa kwa dhana: "Hajala tangu asubuhi, sasa dawa ya sukari ya nini?" Dhana hii imewafikisha wengi pabaya, na inafaa tuitazame kwa upande wa mwili na kwa upande wa sheria.

Sukari hupanda hata bila kula

Wengi tunadhani sukari ya damu hutoka kwenye sahani tu. Ukweli ni kwamba ini nalo lina akiba yake ya sukari. Mwili unapopambana na maradhi kama malaria, mafua makali, nimonia au kidonda kilichooza, hutoa homoni zinazoliamrisha ini limwage sukari hiyo kwenye damu. Homoni hizo hizo huidhoofisha insulini. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda na uji kikombe kimoja, akipimwa akakutwa sukari iko juu kuliko siku aliyokula pilau.

Sukari ikipanda sana, figo huitoa kwa mkojo, nayo hutoka na maji mengi. Hapo ongeza jasho la homa, kutapika na kuharisha. Mwili unakauka, na kadiri unavyokauka ndivyo sukari inavyozidi. Kwa mwenye aina ya pili hali hii inaweza kufika zaidi ya 30 kwenye kipimo (mmol/L), akaanza kuweweseka, akazimia, na hata akafariki.

Anapoweweseka, baadhi ya familia hukimbilia kudhani ni majini. Kumsomea mgonjwa ni jambo jema lenye asili katika Sunna, lakini kisomo hakizuii kupima. Asomewe huku anapelekwa hospitali.

Upo pia upande wa pili, nao ni sukari kushuka. Anayetumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenclamide, akikosa kula anaweza kushuka chini ya 4. Atatoka jasho, atatetemeka, moyo utakwenda mbio na akili itachanganyikiwa. Malaria kali yenyewe, na dawa ya kwinini, navyo huweza kuishusha sukari. Basi kwa kumtazama usoni huwezi kujua imepanda au imeshuka. Dawa ya dhana ni kipimo.

Nini kifanyike

Kwanza, apimwe kila baada ya saa nne hivi, na usiku pia, namba ziandikwe kwenye karatasi.

Pili, anywe kidogo kidogo kila saa. Sukari ikiwa juu, anywe maji matupu au chai isiyo na sukari. Ikiwa haiko juu na chakula hakipiti, hapo uji, juisi au soda ya kawaida vina nafasi yake, ili asishuke. Mwenye maradhi ya moyo au figo amuulize daktari kiasi cha maji.

Tatu, sukari ikishuka chini ya 4 na mgonjwa ana fahamu, apewe haraka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au soda nusu glasi. Apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Nne, dawa, na hapa ndipo penye makosa mengi. Anayechoma insulini asiiache kwa kuwa hakula. Huenda akahitaji hata kuongezewa, na kipimo hicho hukipanga daktari. Metformin, kwa upande wake, kwa kawaida husimamishwa kwa muda mtu anapotapika, kuharisha na kukauka, kwa kuhofia figo. Dawa mpya kama empagliflozin na dapagliflozin nazo husimamishwa wakati huo. Vidonge vya kundi la glibenclamide huhitaji tahadhari kwa asiyekula. Kwa hiyo kauli ya "acha zote" ni kosa, na "meza zote" pia ni kosa. Apigiwe simu daktari au aendewe.

Tano, mwambie muuza dawa kuwa una kisukari. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina sukari, na prednisolone huipandisha.

Asisubiri nyumbani anayetapika kila anachokunywa kwa saa kadhaa, anayekutwa zaidi ya 15 mara mbili mfululizo, anayehema kwa shida, au aliyeanza kuchanganyikiwa.

Sheria inasemaje

Allah (S.W.) ametueleza katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na 185, kwamba mgonjwa na msafiri watimize hesabu katika siku nyingine, na kwamba Yeye anatutakia wepesi. Hata hivyo, uchunguzi wa EPIDIAR uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13, ukihusisha zaidi ya wagonjwa 12,000, ulionesha kuwa takriban asilimia 79 ya wenye aina ya pili walifunga angalau siku 15 za Ramadhani. Wapo wanaoweza kufunga kwa ushauri wa daktari. Lakini aliyeshikwa na maradhi mengine juu ya kisukari, au aliyepima akakutwa chini ya 3.9 au zaidi ya 16.6, wataalamu wanamtaka afungue papo hapo. Atalipa akipona. Asiyetarajiwa kuweza kufunga tena, atatoa fidya.

Wengine huogopa kupima wakiwa wamefunga. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, iliamua kuwa kutoa damu ya kupima hakufunguzi, wala sindano isiyo ya lishe, na ya insulini ni miongoni mwa hizo.

Abu Daud amepokea kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akaota. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammam, wakamjibu hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari aliwalaumu vikali, akawabebesha kifo chake, akabainisha kuwa ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Tukizingatie kisa hiki kila tunapomwambia mgonjwa "jikaze, ni siku chache tu." Wale hawakuwa na nia mbaya. Walisema wasichokijua, na mtu akapotea.

Basi tuulize mapema. Katika kliniki ijayo, muulize daktari wa mzee wako: akitapika, dawa ipi isimame na ipi iendelee? Jibu liandikwe, libandikwe mahali kila aliyemo nyumbani atalikuta. Kujiandaa hivyo hakupingani na tawakkul, kwani tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Allah.

Allah (S.W.) awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.