Umekuwa Ukiosha Upande Usio na Kosa

*Mzee, nina Noah niliyoinunua miezi saba iliyopita, nabeba abiria. Natoka Morogoro alfajiri kwenda Dar es Salaam, narudi jioni. Kioo cha mbele kinanitesa. Mchana ni safi, lakini jua likinipiga usoni au lori likinijia na taa, chote kinakuwa cheupe kama kimepakwa maziwa. Naosha kila siku. Wiki iliyopita, pale Mikese, nilimwona mwendesha baiskeli akiwa ameshafika ubavuni mwangu. Mke wangu anasema ni macho. Rafiki yangu anasema nisugue kioo kwa stiliwaya na mafuta ya taa. Nifanyeje?*
*S.K., Morogoro*

Mwanangu S.K., barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwa mwendesha baiskeli. Hukulazimika kunieleza habari zake. Umeeleza kwa sababu bado yumo moyoni mwako, na hilo linanipa imani nawe.

Barabara yako naijua, nimeipita na malori miaka mingi. Alfajiri unaelekea mashariki, jua linachomoza mbele ya uso wako. Jioni unarudi magharibi, linazama mbele ya uso wako vilevile. Safari zote mbili jua unalo machoni, kwa hiyo kasoro ndogo ya kioo ambayo mwenzako wa mjini angeivumilia mwaka mzima, wewe itakuumbua ndani ya wiki.

Ukungu huo umetoka wapi

Unasema unaosha kila siku. Naamini. Ila unaosha nje.

Kesho gari likiwa limeshinda juani, ingia, kaa kwenye kiti chako, upitishe kidole kwenye kioo kwa ndani, chini kule karibu na dashibodi. Kidole kitateleza kidogo na kitaacha njia. Kigeuze kwenye mwanga: ncha yake ina mng'ao wa mafuta. Huo ndio ugonjwa wako.

Dashibodi ni plastiki, na plastiki ikichomwa na jua hutoa mvuke wa vile vitu vilivyotiwa kiwandani kuilainisha. Mvuke unapanda, unakutana na kioo, unakaa hapo kama utando mwembamba. Juu yake linanasa vumbi, moshi wa sigara, pumzi za abiria sita saba. Mchana hauuoni. Jua au taa ikija kutoka mbele, utando unautawanya mwanga kila upande na kioo kinageuka pazia.

Sasa nikuulize bila kukulaumu: hiyo dashibodi unaipaka nini ing'ae? Mafuta mengi ya kung'arishia yana silikoni. Yakipata joto yanahamia kwenye kioo, na kibaya zaidi, kitambaa kilichofuta dashibodi ndicho hicho hicho kinachofuta kioo. Abiria anaingia anasifu gari lilivyo jipya, na wewe dereva huoni mbele. Vijana wanaokuoshea usiwagombeze, wanafanya kile wateja wanachokisifia. Waambie tu kwamba kwako dashibodi inafutwa kwa kitambaa chenye maji, basi.

Nje nako kuna mambo yake. Moshi wa dizeli wa malori unayoyafuata hupaka weusi, na waipa inausambaza. Na ukioshea Dar kwa maji ya kisima cha chumvi kisha ukaacha kioo kikaushwe na jua, unabaki na madoa meupe ya mviringo ambayo sabuni haiyaondoi.

Mkeo na macho yako

Mkeo anahofia usalama wako, na ana haki. Msibishane, jaribuni pamoja. Usiku, gari likiwa limesimama, mwombe akae kwenye kiti cha dereva, na mtu amulike taa kutoka mbele. Akiuona weupe uleule, ni kioo. Asipouona, nenda kliniki ya macho wiki hiyo hiyo, kwani mtoto wa jicho naye huanza hivyo, kwa taa za usiku kumwaga mwanga. Hata ikiwa ni kioo, dereva wa abiria kupima macho hajapoteza kitu.

Stiliwaya na mafuta ya taa

Rafiki yako anakutakia mema, lakini hapana. Stiliwaya ya masufuria inaacha mikwaruzo, na mkwaruzo kwenye kioo hautoki. Kila taa itakayokuja itauwasha kama uzi wa moto mbele ya macho yako. Mafuta ya taa yanaondoa lami na gundi kweli, kisha yanaacha utando wake mwenyewe, mafuta juu ya mafuta. Mchanga na unga wa sabuni mkavu nao uviache. Na kama vioo vyako vina tinti, dawa za vioo zenye amonia zinaiharibu.

Namna ya kukiosha

Tafuta kivuli na usubiri kioo kipoe. Kioo chenye joto kinakausha dawa kabla hujaifuta, na hapo ndipo michirizi inapozaliwa.

Anza nje: maji mengi na sabuni kidogo ya vyombo, kisha suuza kwa maji ya bomba au ya mvua. Yale madoa ya chumvi yapake siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, yaache dakika chache, futa, suuza tena. Inua waipa ufute mpira wake kwa kitambaa chenye spiriti mpaka weusi uishe. Mpira uliopasuka au kukakamaa ununue mwingine, hauponi.

Ndani ndiko kwenye kazi. Andaa vitambaa viwili vya maikrofaiba ambavyo havijawahi kugusa dashibodi wala kufuliwa kwa dawa ya kulainisha nguo. Cha kwanza kiloweshe spiriti ya kawaida, isiyo na mafuta wala manukato, milango ikiwa wazi na sigara ikiwa mbali. Lowesha kitambaa, usinyunyize kwenye kioo, maana matone yataharibu dashibodi. Futa sehemu ndogo ndogo, na kabla haijakauka pitisha kitambaa cha pili kikavu. Kile cha kwanza kitatoka na rangi ya kijivu au manjano. Kigeuze upande safi kila mara, la sivyo unahamisha uchafu kutoka kushoto kwenda kulia tu.

Ile kona ya chini, kioo kinapokutana na dashibodi, ndiyo inayowashinda wengi kwa sababu kiganja hakiingii. Funika mkono kwa kitambaa, geuza kiganja kitazame juu, uingize mgongo wa mkono. Utafika hadi mwisho.

Kuna jambo nililojifunza nikiwa utingo: ndani futa kwa kwenda kushoto na kulia, nje futa kwa kwenda juu na chini. Ukibaki mchirizi, uelekeo wake utakwambia uko upande gani. Mara ya kwanza rudia kazi yote mara mbili, kwani utando wa miezi saba hautoki kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo, kila wiki mbili inatosha kwa gari linaloshinda juani.

Kikikataa kutakata

Utando ukirudi ndani ya siku moja au mbili, ukasikia harufu ya utamu, kapeti la mbele likawa na unyevu na rejeta ikawa inapungua maji, hapo uchafu si wa plastiki. Kifaa cha hita kilicho nyuma ya dashibodi kinavuja, na mvuke wa maji ya rejeta unapanda kwenye kioo. Lipeleke gari kwa fundi leo, maana injini nayo itachemka.

Kama kioo ni safi ndani na nje, lakini ukikitazama dhidi ya jua kina vinukta kama unga ulionyunyizwa, hivyo ni vishimo vya mchanga unaorushwa na magari. Na kama weupe uko pembezoni, ndani ya kioo chenyewe, jua kwamba kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, na sasa vimeanza kuachana. Haya mawili hayaoshwi. Kioo kinabadilishwa.

Sasa nisikilize vizuri

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Taa za lori zikikupofusha kwa sekunde 2, umeshakwenda mita 44, karibu nusu ya uwanja wa mpira, bila kuona. Kati ya Mikese na Mkambarani jioni ndani ya mita hizo 44 kuna watoto, kuna bodaboda zisizo na taa, kuna mzee na baiskeli yake ya mkaa.

Yule wa wiki iliyopita alipona kwa sababu alikuwa ubavuni. Angekuwa mbele yako, leo usingekuwa unaniuliza habari za kioo. Ungekuwa polisi, mkeo akihangaika na dhamana, na nyumba moja Mikese ingekuwa na matanga. Hakuna hesabu ya siku moja ya nauli inayolingana na hayo, na wewe sasa unajua kwamba huoni. Dereva asiyejua anaweza kusamehewa. Wewe umeshaandika kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo kuanzia leo, safari ya alfajiri na ya jioni zisimame mpaka wewe na mkeo mkae kwa zamu kwenye kiti cha dereva usiku, mmulikiwe taa, muone mbele pameangaza. Ukitaka kubeba abiria, beba safari fupi jua likiwa juu, na uwe umesharudi kabla halijashuka mbele ya uso wako. Vitambaa na spiriti vitafute kesho, Jumamosi ifanye kazi yenyewe. Msalimie mkeo, na umwambie kwamba mzee amekubali ana haki ya kuhofia.