Vivimbe vya Sindano: Mazoea Yana Taabu

Wahenga walilonga kwamba mazoea yana taabu. Mimi taabu hiyo nimeionja.

Nina ugonjwa wa kisukari tangu darasa la sita. Kongosho langu halitoi insulini, ambayo huingiza sukari ya damu katika seli, kwa hivyo najidunga kila siku. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto mwaka wa 1921, mtoto kama mimi hakuishi sana.

Nilizoea kudunga paja la kulia, pale pale, kwa sababu palikuwa pamekufa ganzi. Sindano moja niliitumia siku nyingi hadi ikawa butu. Kufikia kidato cha pili nilikuwa na vivimbe viwili, kimoja kikiniuma nikikaa dawatini. Nikanyamaza, naogopa kuchekwa bwenini. Sukari nayo ikawa haishikiki: asubuhi imepanda, jioni imeshuka. Siku moja nikazirai wakati wa masomo ya jioni.

Nesi alinipapasa paja akatikisa kichwa. "Kumbe ni haya, mwanangu!" Akanifunza yafuatayo:

1. Insulini hukuza mafuta chini ya ngozi. Ukidunga mahali pamoja kila siku, mafuta hayo huwa kivimbe. Dawa ikiingia humo hufyonzwa ovyo, leo polepole, kesho kwa ghafla.

2. Hamahama: tumbo, mapaja, matako. Sindano na sindano ziachane kwa upana wa kidole.

3. Tumia sindano mpya kila mara.

4. Papasa ngozi kabla ya kudunga. Kivimbe kisidungwe wala kukamuliwa. Kikiwa chekundu, chenye joto au usaha, nenda hospitali mara moja.

5. Ukihamia ngozi nzima, dawa hupata nguvu na sukari yaweza kushuka mno. Muulize daktari kuhusu kupunguza kipimo, na upime sukari mara kwa mara.

Sasa ni miezi mitano, na vivimbe vimenywea.

Nanyi wenzangu, mkiniona natetemeka na kutoka jasho, msicheke. Nipeni soda yenye sukari upesi. Nikiwa nimezirai, msinitie kitu kinywani. Mwiteni matroni.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeacha kuficha. Je, wewe?