Kalamu Mahali pa Kisu

Wenzangu wasomaji, wengi wenu mwaijua kabalagala ya kula, ile inayokaangwa kwa unga wa muhogo na ndizi mbivu. Mimi nakaa Kabalagala ya pili, mtaa wa Kampala ulio kando ya barabara iendayo Ggaba, na wakati wa likizo humsaidia mjomba wangu katika duka lake la stika. Humo mna mashine ya kukatia maandishi ya pikipiki na ya madirisha ya maduka. Nataka kuwaeleza jinsi ya kuondoa kisu katika mashine ya namna hiyo na kutia kalamu ili ichore picha. Nitaeleza pia jinsi nilivyokosea, ili ninyi msikosee.

Kwanza yafaa kuzijua picha zenyewe. Ni picha ambazo mchoraji hatungi kila mstari, bali hutunga kanuni, kisha huiachia bahati iamue mengine. Mwezi wa Februari 1965 Georg Nees alionyesha picha zake zilizochorwa na mashine katika mji wa Stuttgart, Ujerumani. Bibi Vera Molnár, aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 na kufariki Paris mwaka 2023, alianza kutumia kompyuta mwaka 1968. Lakini kabla ya hapo alikuwa akifuata kanuni zake kwa mkono, hatua kwa hatua, kana kwamba yeye mwenyewe ni mashine. Basi asiye na mashine asivunjike moyo.

Jaribuni hivi. Chora miraba 12 kwenda kulia na 12 kwenda chini, yaani 144. Kwa kila mraba rusha sarafu ya shilingi 500. Ukitokea upande wa ndege, chora mstari wa kona hadi kona ulioegemea kulia. Ukitokea upande wa pili, uegemee kushoto. Ukimaliza utaona vijia na vyumba, mfano wa mkeka ambao msukaji wake alibadili nia kila mara. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila badala ya sarafu hutumia nambari za kubahatisha.

Kisha kompyuta huipa mashine amri fupi fupi. Mashine nyingi za stika hufahamu lugha iliyotungwa na kampuni ya Hewlett-Packard. PU maana yake nyanyua kalamu, na PD maana yake ishushe. Nambari zifuatazo huonyesha mahali pa kwenda, na kila 40 ni milimita 1. Kwa hiyo «PU0,0;PD400,400;» ni mstari wa kona hadi kona katika mraba wa milimita 10. Karatasi huvutwa mbele na nyuma na magurudumu madogo, na kalamu huenda kulia na kushoto.

Sasa kosa langu. Jumamosi moja jioni mjomba alikwenda nyumbani akaniachia ufunguo. Nilikuwa na hamu kubwa, nikatoa kisu, nikafunga kalamu, nikabonyeza. Sikukumbuka kwamba mashine ilikuwa bado inakandamiza kwa nguvu ya kukatia stika, gramu 100. Ncha ya kalamu ilipasua karatasi, karatasi ikakunjamana chini ya magurudumu, na ule utepe laini ulio chini ya kisu ukachimbika. Jumatatu asubuhi kazi ya mwenye pikipiki mmoja ilitoka na herufi zilizokatika nusu, akaondoka kwa hasira.

Nilimwambia mjomba kweli yote. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, «Mpwa wangu, wewe waiona kalamu. Mimi naiona karo ya wadogo zako.» Nilibanduabandua mabaki ya stika likizo nzima bila malipo, mpaka bei ya utepe mpya ikatimia. Siku ya mwisho yeye mwenyewe akasema, «Haya, sasa jaribu tena, nami nikiwapo.»

Mara hii tulikwenda kwa taratibu, nayo ndiyo hii:

1. Punguza nguvu kabla ya kufunga kalamu. Sisi tulianza na gramu 30.

2. Ncha ya kisu haikai katikati ya kishikio chake, nayo mashine hulipiza tofauti hiyo, mara nyingi milimita 0.25, kila ifikapo pembeni. Kalamu haina tofauti hiyo. Andika 0, la sivyo kila pembe ya mchoro itaota kindoana.

3. Kalamu ikiwa juu, acha pengo la milimita 2 hivi kati ya ncha na karatasi. Likizidi, kalamu haitafika. Likipungua, itaburura wino.

4. Punguza mwendo. Tulitumia milimita 50 kwa sekunde. Pole pole ndio mwendo, na kwa wino ni kweli kabisa.

5. Chora mraba mmoja kwanza kwenye karatasi hafifu ya gramu 80. Ukiwa sawa, ndipo ulete karatasi nzito.

Kuhusu kalamu, kila moja ina tabia yake. Kalamu ya bolpeni ni rahisi na haikauki upesi, lakini hutaka kukandamizwa zaidi na mara nyingine huacha donge la wino. Kalamu ya jeli ina rangi nzuri, bali ikikimbizwa huruka na kuacha mapengo. Kalamu ya ncha ya nyuzi haitaki nguvu, lakini ikisimama mahali pamoja wino husambaa na kufanya doa. Iliyonipendeza ni kalamu ya ncha nyembamba ya milimita 0.3 yenye wino usiochujuka kwa maji. Lakini ikikandamizwa ncha huzama ndani, na hapo imekufa. Ukitumia rangi mbili, anza na iliyo nyepesi, maana kalamu ya manjano ikipita juu ya wino mweusi mbichi hubeba weusi huo hadi mwisho. Tena usisahau kufunika kalamu kazi ikiisha.

Mchoro wetu wa miraba 144 ulitoka bila doa. Mjomba aliutazama kwa muda mrefu, akafuata vijia vyake kwa kidole, kisha akaubandika ukutani juu ya mashine. Mwenye pikipiki yule alirudi wiki iliyofuata, akauliza kama mkeka ule waweza kukatwa kuwa stika ya tangi lake. Mjomba akanigeukia, akanipa ufunguo wa kukazia kisu.

«Gramu ngapi?» akaniuliza.

«Mia moja, mjomba. Na tofauti ya ncha nairudisha milimita 0.25.»

«Haya, funga.»