SOMO LA AFYA: Bibi na babu wanaouguza wajukuu

Lengo la somo: Kujua jinsi ya kumsaidia mjukuu anayeshukiwa kuwa na Ebola bila mlezi kuambukizwa.

Kambini watoto wengi wanalelewa na bibi au babu, kwa sababu wazazi wamefariki au walipotezana nao vitani. Mtoto akiugua usiku, bibi ndiye anayembeba, anayempangusa matapishi na kumfulia nguo. Ebola huingia kwa njia hiyo hiyo.

Yaliyotokea Bwera

Mwezi Juni 2019, Ebola ilipokuwa Kivu Kaskazini na Ituri, familia moja ilirudi wilayani Kasese kutoka Kongo, ambako babu alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo. Mjukuu wa miaka 5 alithibitishwa kuwa na Ebola, akafariki Bwera. Bibi yake, mwenye miaka 50, alifariki muda mfupi baadaye. Mdogo wake wa miaka 3 alifariki baada ya kurudishwa Kongo kwa matibabu. Waliokuwa wamewagusa walifuatiliwa kwa siku 21, chanjo ikatolewa, na ugonjwa haukuenea Uganda.

Dalili

Homa ya ghafla, uchovu mkali, maumivu ya kichwa na misuli, kutapika na kuharisha. Wengine hutokwa na damu. Mwanzoni hufanana na malaria. Ni kipimo tu kinachoonyesha tofauti. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya kuambukizwa.

Mlezi afanye nini?

1. Mwite mhudumu wa afya mara moja. Mweleze bila kuficha kama mlivuka mpaka, mliuguza mtu au mlikwenda msibani.
2. Mtu mmoja tu amhudumie mtoto wakati mnasubiri. Watoto wengine wakae na kulala mbali naye.
3. Usiguse damu, matapishi, kinyesi wala mkojo kwa mikono mitupu. Vaa glovu, kama hakuna, tumia mifuko ya plastiki isiyotoboka. Kisha nawa kwa sabuni.
4. Mpe maji ya ORS anywe kidogo kidogo, kwa kikombe chake mwenyewe.
5. Usifue nguo wala shuka zake. Waachie wahudumu.
6. Akifariki, usimwoshe wala kumkumbatia. Iite timu ya mazishi.

Bibi wengine husema, "Nikimtoa mjukuu wangu, nimemtupa." Sivyo. Akifika mapema kituoni ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Na bibi akiugua, wajukuu waliobaki watalelewa na nani?

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ni vigumu kutomgusa mtoto anayelia?
2. Katika boma lenu, nani atawaangalia watoto wengine bibi akikaa na mgonjwa?
3. Mhudumu wa afya aliye karibu nanyi ni nani, na usiku mtampataje?